Kumfundisha mpenzi wako weikibodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni nahodha wa boti ndogo kwenye kriki ya Kilifi. Siku za kazi hubeba wavuvi wa mishipi na wageni wanaotaka kuona mikoko. Jumamosi na Jumapili asubuhi huvuta watu kwenye weikibodi, ule ubao mmoja unaofungwa miguuni, mtu akasimama juu ya maji huku akivutwa kwa kamba. Siku hizi wengi huja wawili wawili: mmoja anajua, mwenzake hajui, na yule anayejua ana hamu kubwa ya kumwonyesha mwenzake raha aliyoionja. Maswali yao yanafanana. Mengine huulizwa waziwazi, mengine kwa kunong'ona pale mwenzake anapokwenda kubadili nguo. Haya hapa, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Nimfundishe mwenyewe, au nimtafutie mwalimu?

Mfundishe mwenyewe ukipenda, lakini usukani mwachie mtu mwingine. Ukiwa na nafasi ya kusoma swali moja tu hapa, liwe hili.

Anayejifunza yuko majini, boti iko mita kumi na kitu mbele yake, mashine inanguruma na maji yanampiga usoni. Ukimwelekeza kutoka kwenye boti, maneno hayamfiki. Kinachomfika ni sauti ya mtu anayempenda, nayo imepanda. Mimi nilifanya hivyo. Mke wangu alipoanza, nilikuwa nahodha, mwalimu na mtazamaji, yote peke yangu. Alianguka mara saba, na kila alipoanguka nilimhesabia makosa matatu. Mara ya nane aliiachia kamba kabla boti haijaondoka, akapanda, akajifunga leso, akaketi omo akinipa mgongo. Tulirudi kimya mpaka gatini. Ilipita miezi minne bila kutaka hata kuliona jaketi okozi.

Alipokubali kurudi, nilimpa rafiki yangu usukani, nikavaa jaketi nami nikashuka majini. Niliushika ubao kwa nyuma, kichwa changu karibu na chake, nikazungumza naye kwa sauti ile ile tunayozungumza nayo nyumbani. Siku hiyo alisimama. Ubao ulikuwa ule ule, boti ile ile, na maneno yalikuwa yale yale niliyokuwa nikiyapigia kelele miezi minne nyuma.

Kwa hiyo ninaposema mfundishe mwenyewe, maana yangu ni hii: ingia naye majini. Mnahitaji watu wanne. Mmoja ashike usukani, mmoja aketi akitazama nyuma, mmoja ajifunze, nawe uwe kando yake. Kama hamtimii wanne, mlipe mwalimu, wewe ukae ufukweni na taulo na chai ya moto. Hiyo nayo ni kazi ya mapenzi.

Hajui kuogelea. Jaketi halitoshi?

Halitoshi. Jaketi humwelesha mtu, lakini halimwondolei hofu. Mtu asiyezoea maji akizama kichwa kwa nukta mbili tu huanza kushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni kamba, au ni wewe.

Usianze na ubao. Anza na wiki mbili tatu za kuogelea kwenye bwawa au ufukweni maji yakiwa yametulia. Shabaha si kuogelea mbali. Ninataka mambo matatu: alale chali akielea bila kushikwa, atie kichwa majini na kutoa pumzi kwa pua, na ajigeuze kutoka kifudifudi hadi chali akiwa amevaa jaketi. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, ilhali ndilo analolihitaji kila anapoanguka huku miguu imefungwa kwenye ubao. Akiyaweza hayo akiwa anacheka, yuko tayari. Akiyaweza akiwa ameuma meno, mpeni wiki nyingine.

Vifaa gani ni vya lazima?

Jaketi kwanza. Liwe jaketi okozi lenye uwezo wa kumwelesha, lenye kumbana kifuani, lisilopanda hadi masikioni ukimnyanyua kwa mabega yake. Kuna vizibao vyembamba ambavyo mabingwa huvaa kukinga mbavu. Vingi havimweleshi mtu, wala si vya mwanafunzi.

Ubao, chukua mrefu kuliko mfupi. Mtu wa kilo 60 unamfaa ubao wa sentimita 130 hadi 135. Aliyepita kilo 80 mtafutie wa 140 au zaidi. Ubao mkubwa huinuka mapema na husamehe makosa. Wengi humpa mwenzao ubao wao wenyewe, ambao ni mfupi, mwepesi na umenolewa kingo kwa ajili ya kuruka, halafu wanashangaa kwa nini hasimami. Viatu vya ubao vimbane bila kumuumiza. Vipake maji ya sabuni ndipo aingize mguu. Vikilegea, mguu mmoja unaweza kuchomoka mwingine ukabaki, na hapo goti ndilo linaloumia.

Kamba isiwe ya kuvutika. Kamba ya nailoni ya kufungia nanga huvutika kama mpira, na mtu akiiachia kishikio kinaweza kurudi kwa kasi kuelekea kwenye boti. Tafuta iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kwa anayeanza, mita 12 hadi 15 zinatosha. Hizo mita 20 na zaidi ni za mtu anayeruka. Kamba fupi inayofungwa juu humvuta mtu kwenda juu, na ndiyo msaada anaouhitaji. Boti zetu nyingi za fiba hazina mlingoti wa kuvutia, hivyo sisi hufunga kamba yenye ncha mbili, kama hatamu, kila ncha upande wake wa tezi, yaani nyuma ya boti. Usifunge upande mmoja tu. Boti itakwenda mrama na nahodha atapigana na usukani badala ya kuangalia njia.

Twende saa ngapi?

Hapa ndipo mtu wa pwani anapofaidika na alichokikuta kwa wazee. Kilifi, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kriki hugeuka mto. Mwanafunzi aliyeanguka huchukuliwa na mkondo kabla hamjamfikia. Siku za maji mafu mkondo huwa hafifu. Tena siku hizo, huku kwetu, maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo tangu mapambazuko yanaendelea kuingia polepole na kina kinaongezeka. Upepo nao bado umelala. Asubuhi ya maji mafu, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu: huo ndio wakati wa kumleta mtu unayempenda.

Msimu mzuri ni malelezi, zile wiki za tanga mbili kati ya kusi na kaskazi, maji yanapolala kama kioo. Kaskazi nayo inafaa asubuhi. Kusi ikikaza, nawashauri wanaoanza wangoje. Kina kiwe mita 2 au zaidi, mbali na miamba na mizizi ya mikoko, maana chaza waliogandamana pale hukata kama wembe.

Kuna cha kufanya nchi kavu kwanza?

Kipo, na kinaokoa nusu ya maanguko. Mketishe mchangani, miguu mbele, magoti yamekunjwa hadi kifuani, visigino karibu na makalio. Mpe kishikio, akinyooshe mikono nje ya magoti. Wewe simama mbele yake na ncha nyingine ya kamba, uvute taratibu kwa uzito wako. Kazi yake ni moja: asivute. Akae vile vile kama mpira uliokunjwa, mikono imenyooka, mpaka kamba imtoe mchangani na kumweka juu ya nyayo zake akiwa amechuchumaa. Ndipo anyooke, polepole, bila kumaliza kunyooka.

Mara kumi. Kisha mbadilishane, umpe yeye kamba akuvute wewe. Wengi hulipuuza hili la kubadilishana, nami nalishikilia, kwa sababu akivuta mwenyewe huona jinsi mtu anayekunja mikono anavyolegeza kamba kisha kujikuta akirushwa mbele.

Hapo hapo utajua mguu gani utangulie. Mwambie asimame wima afumbe macho, kisha, kwa ridhaa yake, msukume kidogo mgongoni. Mguu atakaoutanguliza kujizuia asianguke ndio mara nyingi unaokaa mbele. Si sheria. Akijisikia vibaya majini, geuzeni.

Ndani ya maji inakuwaje, hatua kwa hatua?

Anaelea chali, ubao miguuni, magoti kifuani, mikono imenyooka na kishikio kiko juu ya ukingo wa ubao. Ubao uko kikingamo, yaani umeikingia boti ubavu wake mrefu, na ukingo wa juu umechomoza majini kidogo. Wewe uko nyuma yake, kando kidogo, umeushika ubao usipinde. Kamba isipite kati yenu wala isikuzunguke popote. Iangalie kila mara kabla ya kutoa ishara.

Boti inasogea taratibu mpaka kamba inyooke. Mwache auzoee mvuto huo. Mwambie maneno mawili tu, "kaa mpira," kisha nyamaza. Akiwa tayari atasema yeye mwenyewe. Neno hilo lisitoke kwako, wala kwa nahodha. Mtazamaji analipokea, nahodha anaongeza mwendo kama anayemwaga uji: mfululizo, bila kurusha.

Maji sasa yanausukuma ubao kutoka chini. Kwa nukta mbili au tatu mwanafunzi anahisi kama amesukumwa dhidi ya ukuta. Visigino vinarudi kuelekea makalio, ubao unalala juu ya maji, naye anajikuta amechuchumaa juu yake. Hapo ndipo kishawishi cha kunyooka haraka kinapokuja. Asubiri. Ubao ukishaacha kulima maji ukaanza kuteleza, anainuka taratibu, magoti yakiwa laini, kisha anashusha kishikio hadi kwenye nyonga ya mguu wa mbele. Kishikio kikishuka nyonga, ubao hugeuka wenyewe na kuielekea boti. Hahitaji kuugeuza kwa nguvu.

Nawe umebaki nyuma, unaelea peke yako. Uwe na jaketi la rangi kali, mahali pasipo njia ya boti nyingine, na nahodha ajue kwamba kurudi kwako kuna utaratibu kama kurudi kwa mwanafunzi. Ile dakika ya kumtazama mtu wako akienda zake, mgongo umenyooka, maji yakifunguka nyuma yake, siwezi kuieleza vizuri. Nimeona wanaume wazima wakilia mle majini.

Kila akitaka kusimama anaanguka. Tatizo nini?

Tazama anavyoanguka, ndipo utajua.

Akiangukia nyuma, amevuta mikono. Alikunja viwiko akitaka kujiinua, kamba ikalegea, akakaa. Rudini mchangani dakika tano.

Akirushwa mbele huku kamba ikimponyoka, amenyoosha miguu mapema. Miguu ikinyooka, ubao unasimama kama mlango majini na hakuna mikono itakayoushinda. Mwambie avipeleke visigino kwenye makalio asubiri.

Akisimama vizuri kisha ghafla akapigwa kifudifudi, ukingo wa mbele wa ubao umechimba maji. Hilo huuma, na ndilo huwaondolea watu hamu. Chanzo ni uzito kuegemea vidole. Ategemee visigino kidogo, atazame juu ya boti na si chini kwenye ubao, maana kichwa kikiinama mwili wote hukifuata.

Sababu ya nne si yake: nahodha. Akitoa mwendo kwa kurusha, hata bingwa ataachia. Kabla ya kumsahihisha mpenzi wako mara ya tatu, ongea na mtu wa usukani.

Boti yangu ina mashine ya farasi 40. Itaweza?

Kwa boti nyepesi ya fiba, watu watatu ndani na mwanafunzi asiye mzito, itaweza. Wimbi litakuwa dogo, na kwa anayeanza hilo ni jema. Anayetaka kuruka ndiye anayehitaji boti nzito na mashine kubwa. Mwendo unaofaa baada ya kusimama ni kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Mtu mwepesi hata chini ya hapo kidogo. Waliozoea hupanda hadi 35 hivi. Usimvute mwanafunzi kwa mwendo wako wewe. Kwa kasi hiyo maji huwa magumu.

Jetski inaweza pia, mradi iwe ya viti vitatu ili mtazamaji aketi akiangalia nyuma na pabaki nafasi ya kumpakia aliyechoka.

Tutaelewanaje na kelele za mashine?

Kwa mikono, na mkubaliane mkiwa nchi kavu. Dole gumba juu, ongeza. Dole gumba chini, punguza. Kiganja kukatisha shingoni, simamisha. Kujipiga kichwani, nirudishe gatini. Baada ya kuanguka, mkono au mikono juu maana yake niko salama. Mikono isipoonekana, boti irudi mara moja bila kungoja. Ishara ya kupunguza na ya kusimamisha hazijadiliwi wala haziulizwi "kwa nini". Nahodha azitii papo hapo, hata akiona mwanafunzi alikuwa karibu kufaulu. Mwanafunzi anayejua kwamba mkono wake unaisimamisha boti hujaribu mengi zaidi kuliko yule asiyekuwa na hakika.

Amekasirika. Au analia. Nifanyeje?

Zima mashine. Mpandishe, mfunike, mpe maji ya kunywa, kisha usiseme lolote juu ya ubao. Si "ulikuwa karibu", si "jaribu mara moja tu". Hasa hiyo "mara moja tu". Nimeiona ikivunja asubuhi nyingi. Mikono yake imechoka, chumvi imemwingia puani, ameanguka mbele ya watu, na anakuona wewe unayefanya jambo hili bila kutoa jasho. Hilo lina uzito, hata kama hakulisema.

Baadaye, mkishakula, muulize kama anataka kurudi, naye akisema hataki, amini. Kuna watu hawapendi kuvutwa na boti, na hakuna ubaya. Mwenzako anaweza kukupenda sana na asiupende mchezo wako.

Tena, sahihisho moja kwa kila jaribio. Kama umeona makosa manne, chagua lile linalozaa mengine, mara nyingi mikono, hayo matatu yaache. Usimlinganishe na dada yako, wala na mpenzi wa rafiki yako aliyesimama mara ya kwanza. Usimpige picha akianguka kabla hajakuruhusu. Na asiwe na hadhira: wale marafiki sita waliokuja "kutazama tu" waambieni waje mwezi ujao.

Itamchukua majaribio mangapi?

Nimeona aliyesimama mara ya pili na aliyesimama siku ya nne. Watoto na watu wepesi huwahi. Wenye nguvu nyingi za mikono huchelewa, kwa sababu wanaitumia. Mimi huweka kikomo kwa muda: dakika 20 majini kwa anayeanza, kisha pumziko refu, kisha nyingine 20 kama anataka. Baada ya hapo viganja havishiki tena na anajifunza kuanguka tu.

Avae nini? Na mwenye kuvaa hijabu?

Hapa pwani naulizwa hili kila mwezi. Burkini ya kubana inafaa kabisa, nayo humkinga na jua. Kisichofaa ni kitambaa kinachopepea na pini za kichwani. Kofia ya kuogelea inayofunika shingo, bila pini, juu yake helmeti kama mnayo. Mavazi mapana huvuta maji na yanaweza kujisokota kwenye kamba.

Kwa kila mtu, mke kwa mume, avae kaptura nene ya mpira kama ya wapiga mbizi. Kuanguka kwa makalio kwenye kasi kunaweza kuingiza maji mwilini kwa nguvu na kuumiza viungo vya ndani. Ni jambo ambalo watu huona haya kulitaja, kwa hiyo nalitaja mimi.

Nywele zisukwe au zifungwe. Hereni, mikufu na pete vibaki nyumbani, pamoja na ya ndoa. Kishikio kinaweza kukivunja kidole chenye pete, na chini ya kriki ni tope tupu.

Ni mjamzito. Anaweza?

Hapana, hata miezi ya mwanzo. Vivyo hivyo mwenye bega lililowahi kuteguka, goti bovu, ngoma ya sikio iliyotoboka, au aliyegonga kichwa karibuni: kwanza daktari.

Hatari gani kubwa kuliko zote?

Panga la mashine, lile linalozunguka chini ya maji. Si mawimbi, si samaki. Mtu yeyote akiwa majini karibu na boti, mashine iwe imezimwa kabisa, si kuwekwa tu huru. Nahodha avae ile kamba ya kuzimia mashine mkononi au pajani muda wote. Mnapomrudia aliyeanguka, mrudieni polepole, upande wa nahodha, ili asipotee machoni pake hata nukta moja. Na msimpite kwa tezi.

Ya pili ni kamba. Asijifunge wala kujizungushia kiganjani, hata kwa mzaha. Akianguka, aachie.

Ya tatu haionekani. Mashine ikinguruma mahali pamoja, moshi wake hukusanyika nyuma ya boti, nao una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Msikae tezini mkining'iniza miguu huku mashine inawaka.

Mkikodi boti, ulizeni kama imesajiliwa: Kenya ni Mamlaka ya Bahari, KMA, Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Nahodha mwenye makaratasi yake hakasiriki akiulizwa.

Hatuko baharini. Ziwani je?

Maji yasiyo na chumvi hayamweleshi mtu sawa na bahari, lakini tofauti si kubwa. La kuangalia ni viumbe. Ziwa Naivasha lina viboko, Ziwa Victoria lina viboko, mamba na kichocho. Waulizeni wavuvi wa pale pale wapi hawaogi, nanyi msiende huko.

Kwa wasomaji walio ughaibuni: Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya zina maziwa madogo yenye kebo juu ya nguzo inayomvuta mtu bila boti. Mjerumani Bruno Rixen ndiye aliyeanzisha mitambo hiyo, miaka ya 1960. Ipo hata Abu Dhabi. Kwa wapenzi wawili mtambo wa nguzo mbili ni mzuri mno: mwendeshaji anaweza kumpunguzia mwanafunzi kasi peke yake, na wewe unakaa ukingoni karibu naye. Helmeti kule mara nyingi ni lazima.

Mchezo huu ulianza wapi?

Ubao wenyewe ni wa juzi. Mwaka 1985 Tony Finn wa California alitoa ubao ulioitwa Skurfer, mfano wa ubao wa mawimbi uliofupishwa ili uvutwe na boti. Baadaye Herb O'Brien akaleta mbao zinazozama na kuelea kwa kiasi, na kuanza kutoka majini kukawa rahisi zaidi. Lakini mzizi ni wa zamani: mwaka 1922, Ziwa Pepin, Minnesota, kijana Ralph Samuelson alijaribu mara nyingi kusimama juu ya maji akivutwa na boti, akawa anazama. Alifaulu tarehe 2 Julai alipoegemea nyuma na kuziacha ncha za mbao zake zichomoze juu ya maji. Aliyekuwa kwenye usukani ni kaka yake Ben. Nawasimulia wanafunzi wangu hili wakiwa wanatetemeka na taulo, kwa sababu kosa lake la kwanza ndilo lao, na aliyemvuta alikuwa mtu wa nyumbani.

Amesimama! Sasa nimfundishe nini?

Siku hiyo, usimfundishe kitu. Mvute tena mara mbili, ashibe.

Siku inayofuata, mwonyeshe kuegemea visigino ili atoke taratibu upande mmoja wa wimbi la boti na kurudi katikati. Kisha vidole, upande wa pili, magoti yamekunjwa zaidi. Kuvuka wimbi lenyewe huja baadaye: asilikaribie kwa woga, maana ubao uliolala bapa hukwama pale, aegemee ukingo mpaka amelivuka. Kuruka kungojee miezi.

Na kabla ya hayo yote, mpe usukani. Mke wangu alijifunza kuendesha boti wiki ile ile aliyosimama, maji yakiwa matupu, nahodha mwenzangu yuko ubavuni pake. Sasa Jumapili wateja wakishaondoka, yeye hunivuta mimi. Huongeza mwendo taratibu, kama anayemwaga uji, na haniambii kitu mpaka nimepanda.